Siri Tuliyoificha Nyumbani



Katika siku hii ya shangwe, turuhusuni tutoe siri ya ukoo wetu. Mdogo wetu alipatwa na kifafa akiwa na miaka 7. Vidonge vya fenobabitali vilimtuliza. Ilipofika posa, tuliogopa wakwe wasije wakaviona. Tukamwachisha, daktari asijue. Kifafa kikanyamaza, nasi tukajiona werevu.

Alipotimiza miaka 41, alianguka dukani mbele ya wateja. Sisi tukamnusisha kiatu, kama walivyofanya wazee wetu wa Kigujarati. Majirani wakajitenga, wakihofia povu. Sote tulikosea. Kiatu hakitibu, wala povu haliambukizi. Mgonjwa hulazwa ubavu, wala hatiwi kitu kinywani. Mtukutiko ukizidi dakika 5, hukimbizwa hospitali. Na dawa hupunguzwa polepole, kwa shauri la daktari tu.

India ilikiondoa kifafa katika vizuizi vya ndoa ya Kihindu mwaka 1999. Sisi tuliendelea kukificha. Shemeji yetu alipojua, aliuliza neno moja tu: "Kwa nini hamkuniamini?" Hatukuwa na jibu. Leo ndiye anayemkumbusha mumewe kidonge cha usiku.

Ndugu zetu, msifiche.