Mafuta ya Injini ya Pikipiki
Maneno waliyoambiwa wenye pikipiki wa Jilore



Tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, chombo hiki kimekuwa miguu ya watu wengi. Hapa Jilore ndicho kiwafikishacho wagonjwa Malindi. Basi yafaa mwenyewe ajue kukitunza.

Klachi ya motokaa kwa kawaida hukaa pakavu. Katika pikipiki nyingi, injini, gia na klachi huoga mafuta yale yale. Mafuta mengine ya motokaa yametiwa dawa ya kuzidisha utelezi, nayo yaweza kuitelezesha klachi: injini hunguruma, lakini pikipiki haipandi mlima. Mwenyewe hudhani sahani za klachi zimekwisha, akaifungua injini bure. Kwa hiyo tafuteni kwenye kopo alama ya JASO MA, iliyowekwa Japani mwaka 1998, na unene ulioagizwa na kitabu cha pikipiki.

Kubadili mafuta kwaweza kufanywa nyumbani, injini ikiwa na joto kidogo. Mafuta machafu yatieni katika dumu, yasije yakafika mto Sabaki. Mkirudisha bolti ya chini, msiikaze kwa nguvu zote, maana meno yake hushika katika alumini, nayo ni laini. Yakikatika, mafuta yatavuja kidogo kidogo pasipo kuonekana; na injini iliyokauka mafuta hukwama, mgonjwa akabaki njiani.