Mbona Hakukimbia Mapema? Mtoto Mateka na Kazi ya Kutoroka



Mhadhara huu umezaliwa na sentensi moja. Katika semina ya idara yetu mwaka jana, mwenzangu ninayemheshimu sana, mtu wa saikolojia, alisimulia kisa cha Natascha Kampusch wa Austria. Akamaliza kwa kusema kwamba msichana yule angeweza kutoka miaka mingi kabla, ila alikuwa ameshikwa na sindromu ya Stockholm. Watu wakaafiki kwa vichwa, mjadala ukahamia kwingine. Mimi sikuhama. Jioni ya leo nataka kuonyesha kwamba maelezo yale hayana msingi wa kitaalamu, kwamba yanapingana na ushahidi wa mateka mwenyewe, na kwamba yakishaingia katika ofisi zetu yanaumiza watoto.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Asubuhi ya tarehe 2 Machi 1998, Natascha, mtoto wa miaka 10, alikuwa akienda shule kwa miguu katika wilaya ya Donaustadt, Vienna. Mwanamume asiyemjua, Wolfgang Přiklopil, fundi wa mitambo ya mawasiliano, akamvuta ndani ya gari jeupe la mizigo. Akamficha nyumbani kwake Strasshof, mji mdogo nje ya Vienna, katika chumba kilichochimbwa chini ya gereji: mita za mraba 5 hivi, hakina dirisha, sauti haitoki. Alitoroka tarehe 23 Agosti 2006, akiwa na miaka 18, na siku hiyohiyo Přiklopil akajiua kwa treni.  Kinachonishughulisha ni ile miaka minane, na jinsi watu wazima walivyoihukumu.

Nianze na hiyo sindromu, maana jina lake linatajwa kila mahali na chanzo chake hakichunguzwi. Tarehe 23 Agosti 1973, miaka 33 kamili kabla ya siku aliyotoroka Natascha, Jan-Erik Olsson aliingia na silaha katika benki ya Kreditbanken, uwanja wa Norrmalmstorg, Stockholm. Wafanyakazi wanne wa benki wakashikwa mateka kwa siku sita. Serikali ikamleta mfungwa Clark Olofsson kutoka gerezani kwa kuwa mtekaji alimdai. Mmoja wa mateka, Kristin Enmark, alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu Olof Palme, akamwomba awaruhusu waondoke pamoja na majambazi. Alisema waziwazi kwamba anaowaogopa ni polisi. Mwishowe polisi walitoboa dari ya chumba cha hazina na kupitisha gesi ya machozi.

Hebu tujiweke mahali pa Enmark. Yuko ndani ya chumba cha chuma. Mwenye bunduki yuko karibu naye, anaweza kuzungumza naye na kumsoma uso. Walio nje wanatoboa dari juu ya kichwa chake, na hana namna ya kuwazuia. Kuogopa walio nje kuliko aliye ndani, katika hali ile, ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu anayetafuta njia ya kubaki hai. Lakini Nils Bejerot, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akiwashauri polisi wakati wa tukio lilelile, ndiye aliyetangaza kwamba mateka wameingiwa na hali ya kiakili inayowafungamanisha na mtekaji. Enmark amesema kwamba daktari huyo hakuwahi kuzungumza naye. Hapo ndipo pamenikaa rohoni miaka yote hii: mwanamke alikosoa kazi ya polisi, na mshauri wa polisi akayageuza maneno yake kuwa dalili ya ugonjwa.

Kutoka hapo jina likasafiri dunia nzima. DSM, mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani na kwingineko, haujalitambua hadi leo kama ugonjwa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Acta Psychiatrica Scandinavica yalitafuta vigezo vilivyothibitishwa vya kuitambua hali hiyo, na hayakuvipata. Mwenzangu wa saikolojia anajua haya yote. Basi kwa nini tunawabandika watoto jina ambalo taaluma yenyewe haikulikubali?

Nitajibiwa kwamba jina si hoja, jambo lenyewe lipo: mateka huweza kumzoea mtekaji, hata kumhurumia. Ni kweli. Kampusch alilia alipoambiwa Přiklopil amekufa, na alikwenda kumwashia mshumaa kabla ya kuzikwa. Magazeti ya Ulaya yalilichukua jambo hilo na kumgeuzia kibao. Nimelipima sana, na jibu lake mwenyewe limenitosheleza. Kwa miaka minane, tangu utotoni, huyo ndiye binadamu pekee aliyemletea chakula, taa na maneno. Mtoto hawezi kuishi bila mtu. Kama mtu pekee aliyepo ni adui, mtoto atatafuta ndani ya adui huyo kipande kidogo cha utu na kukishikilia, kisha atakitumia. Kuliita hili ugonjwa ni kumnyang'anya akili yake mtu aliyeokolewa na akili yake.

Sasa nije kwenye kitabu chake, ambacho nawaomba mnivumilie nikikikalia kwa muda mrefu. Kinaitwa 3096 Tage, kwa hesabu ya siku alizokaa kifungoni, na kilitoka mwaka 2010. Nimekifundisha kwa mihula mingi na bado sijakimaliza. Wasomaji wengi hukimbilia mateso: njaa ya kunyimwa chakula kwa makusudi, vipigo, giza la taa zilizodhibitiwa na mtekaji. Mimi nataka tusome kazi aliyokuwa akiifanya humo.

Siku za mwanzo aligonga kuta na kurusha chupa za maji ukutani ili asikike. Hakusikika. Hilo lilikuwa jaribio lake la kwanza, na lilimfundisha kwamba sauti haitamsaidia. Miezi sita ya kwanza hakupandishwa juu hata mara moja. Baadaye alipoanza kutolewa ili afanye kazi za nyumba, Přiklopil alimwambia kwamba milango na madirisha yametegwa mabomu, na kwamba akimwita mtu, mtu huyo atauawa. Mtoto wa miaka 12 angeyathibitishaje? Kwa kufungua dirisha? Hapa ndipo hoja kwamba mlango ulikuwa wazi na angeweza kutoka inapoporomoka. Mlango huwa wazi kwa mtu anayejua kwamba uko wazi.

Na angalieni alichokataa. Mtekaji alimtaka amwite bwana wake. Alikataa, hata kwa gharama ya kipigo. Alitakiwa apige magoti, akakataa. Alilazimishwa kuacha jina lake, naye akachagua jina jingine, Bibiana, akaitika kwa jina hilo alipolazimika. Yaani alikuwa akichagua vita vyake: hapa nakubali kwa sababu hainigharimu kiini changu, hapa sikubali hata nikifa. Mtu aliyeungana na mtekaji wake hafanyi uchaguzi wa namna hiyo kila siku kwa miaka. Alisoma vitabu, akasikiliza redio ya taifa, akajisomesha mwenyewe chini ya ardhi. Alipojitokeza kwenye televisheni wiki mbili baada ya kutoroka, watazamaji walishangaa kusikia msichana anayezungumza kwa ufasaha ule. Wengine wakatilia shaka kifungo chake kwa sababu hiyohiyo!

Lakini ukurasa ninaoupenda kuliko kurasa zote ni ule anaoeleza agano lake. Akiwa na miaka 12, katika hali mbaya kabisa, alijiona yeye mwenyewe akiwa mkubwa, wa miaka 18, akija kumshika mkono. Yule mkubwa akamwahidi kwamba atamtoa, ila si sasa, kwa sababu sasa bado ni mdogo mno. Atakapofika miaka 18 atakuwa na nguvu za kumshinda mtekaji. Nimesoma shuhuda nyingi za watoto waliotekwa na sijaona mpango ulio wazi kama huu. Mtoto alipima mwili wake, akapima mwili wa adui, akaona tofauti, akaamua kuishi mpaka tofauti ipungue. Na alitoroka akiwa na miaka 18.

Sisemi kwamba alingoja tu. Katika miezi ya mwisho Přiklopil alianza kumtoa nje, madukani na hata mlimani kwenye mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Huko, chooni, alijaribu kumwomba msaada mwanamke mmoja. Yule mwanamke hakuelewa, akatabasamu akaenda zake. Siku ya 23 Agosti alikuwa bustanini akisafisha gari la mtekaji kwa mashine ya kufyonza vumbi. Simu ikaita. Mashine ilikuwa na kelele, Přiklopil akasogea mbali ili asikie. Msichana akaiacha mashine ikinguruma, akakimbia. Wapita njia aliowasihi hawakumsaidia. Akagonga dirisha la mama mmoja mzee, akataja jina lake, akaomba polisi waitwe. Kuiacha mashine iendelee kunguruma ni jambo la sekunde moja, lakini lilihitaji miaka ya kuzisoma tabia za mtu mmoja: anasogea lini, sauti gani inamtuliza, ukimya gani utamshtua.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa macho yangu. Kabla ya kurudi chuoni nilifanya kazi ya ustawi wa jamii katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Aliletwa ofisini msichana aliyechukuliwa stendi na mwanamke asiyemjua, kwa ahadi ya kusomeshwa. Alifungiwa, akatumikishwa, na baada ya miezi kadhaa mlango ukaacha kufungwa. Ofisa aliyekuwa akimhoji akamuuliza, "Wewe binti, mlango ulikuwa wazi, mbona hukutoka?" Msichana akajibu, "Nilikuwa sina nauli, na sikujua kwetu ni upande gani." Kisha akanyamaza, na siku hiyo hakusema zaidi. Nilipokaa naye siku nyingine, akanieleza kwamba kila alipotumwa mkaa alikuwa akipitia stendi na kuwasikiliza wapiga debe, mpaka siku alipolisikia jina la mji ulio karibu na kijiji chao. Chenji alikuwa akiificha kidogo kidogo ndani ya gunia la mkaa. Akangoja siku ya mnada, mama yule alipoondoka alfajiri. Maelezo haya hayakuwemo kwenye jalada. Jalada lilisema mtoto alikaa kwa hiari.

Kuna hoja ngumu zaidi ambayo siwezi kuikwepa. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto njiani kwenda shule, kaskazini mwa Uganda. Alikulia porini akawa kamanda. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, na Mei mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Utetezi wa kwamba alitenda kwa kushurutishwa ulikataliwa, na miongoni mwa sababu ni kwamba wengi walitoroka LRA, naye alikuwa na nafasi. Sitetei aliyoyafanya. Waliouawa na mabinti waliofanywa wake kwa nguvu wana haki yao, na makosa yale yalikuwa ya mtu mzima mwenye amri mkononi. Majaji nao waliuzingatia utoto wake walipopima adhabu. Hata hivyo kuna hatari katika hoja hiyo ikitoka The Hague ikafika mahakama zetu za wilaya. Kutoroka kwa mmoja si kipimo cha mwingine. Waliokimbia walikuwa na usiku wao, mlinzi wao aliyesinzia, njia waliyoikumbuka. Kamanda mwenye bunduki anaweza kuulizwa kwa nini hakuondoka. Mtoto aulizwe nini?

Na kama swali la kwa nini hakutoka mapema lazima liulizwe, lina wenyewe. Siku ile ya Machi 1998 alipotekwa Natascha, mtoto wa miaka 12 aliwaambia polisi kwamba amemwona msichana akivutwa ndani ya gari jeupe. Alikuwa amesema kweli. Polisi wakaanza kukagua wenye magari ya namna hiyo, wakafika hadi kwa Přiklopil. Alisema analitumia gari kubebea vifusi vya ujenzi. Wakamwamini, hawakupekua nyumba. Siku chache baadaye askari mmoja wa kitengo cha mbwa akatoa taarifa juu ya mtu huyohuyo: anaishi peke yake, ana gari jeupe, na ana mwelekeo mbaya kwa watoto. Taarifa ile haikufuatiliwa ipasavyo. Umma uliijua mwaka 2008 tu, aliyekuwa mkuu wa polisi wa upelelezi wa Austria, Herwig Haidinger, alipoitoa hadharani. Msichana alikuwa chini ya gereji wiki zile, na maofisa walikuwa wamesimama juu ya ardhi ileile wakiwa na anwani mkononi.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu mnakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo mwezi ujao, wengine katika madawati ya jinsia na watoto polisi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, tangu marekebisho ya 2016, inampa mtoto nafasi ya kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli. Ushahidi huo mtaupata au mtaupoteza katika mahojiano ya kwanza. Akiletwa mtoto aliyetoroka, msimuulize kwa nini hakukimbia mapema. Muulizeni alikuwa anajua nini: mtekaji aliamka saa ngapi, funguo aliziweka wapi, nani alikuja nyumbani, alitumwa dukani siku gani, alisikia majina gani. Anayajua yote, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya muda wote huo, na mwendesha mashtaka anayahitaji. Yaandikeni kwa mpangilio wa tarehe, kwa maneno yake, na msiandike neno hiari.