Kisu Kinapozama Katika Mbao: Ulizeni Kwanza Sifuri Iko Wapi

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya maseremala, Msimbazi, Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa vitabu. Kwa ruhusa yenu nitazungumza juu ya kitabu kimoja tu ambacho vyama vingi havinacho, nacho ni daftari la mashine ya kuchongea mbao inayoongozwa na kompyuta, ile ambayo mafundi huiita CNC.

Sababu yangu ni hii. Katika ukaguzi nimekutana na maneno ya namna hii kwenye daftari la fedha: "Mbao imeharibika, akatwe mwendeshaji." Katika chama kimoja kijana alikatwa ujira wa majuma matatu kwa sababu kisu kilizama na kutoboa ubao wa mlango wa mninga. Nilipouliza sifuri ya kazi ile ilikuwa imewekwa wapi, na nani aliiweka, na kisu kilizama wakati gani, hapakuwa na mtu wa kunijibu. Hata hivyo hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa na fedha zimekwisha kukatwa.

Mashine hii haina macho. Tangu chuo cha MIT cha Marekani kilipoonyesha mashine ya kwanza ya kukata chuma kwa kufuata tarakimu, mwaka 1952, jambo hilo halijabadilika: mashine hutii namba. Ina njia tatu za kwenda, yaani X na Y juu ya meza, na Z kwenda juu na chini. Ina sifuri mbili. Ya kwanza ni kituo cha mashine yenyewe, mahali inapokwenda kugusa swichi zake inapowashwa. Ya pili ni sifuri ya kazi, ambayo mwendeshaji huiweka kwa kila ubao. Programu ikisema "shuka milimita 6", mashine huhesabu kutoka sifuri hiyo ya pili, iwe imewekwa sawa au imewekwa ovyo.

Basi mtu akija kwenu kusema mashine imezama, swali la kwanza ni hili: imezama mwanzoni, ghafula katikati ya kazi, au pole pole? Majibu haya matatu yanaelekea kwenye makosa matatu tofauti.

Ikizama mwanzoni, tazameni sifuri na programu kabla ya kugusa spana. Aliyechora kazi kwenye kompyuta huchagua kama sifuri ya Z ni uso wa mbao au ni uso wa meza. Tuseme amechagua uso wa mbao, na mwendeshaji ameweka sifuri mezani, na ubao una unene wa milimita 18. Mashine itadhani kwamba kimo cha milimita 5 ni cha usalama, kumbe kimo hicho kimo ndani ya ubao. Itasafiri humo ikipasua, na ikifika mahali pa kuchonga itaingia mezani. Makosa yakiwa kinyume chake, kisu kitachonga hewa, na hasara itakuwa ya muda tu.

Kipo pia kile kibamba cha chuma cha kupimia. Unene wake umeandikwa ndani ya kidhibiti. Kibamba kikiwa na milimita 15 na kidhibiti kimeambiwa 20, kila kazi itazidi kina kwa milimita 5, siku zote, hata mwendeshaji awe hodari namna gani. Pimeni kibamba kwa venia, msikubali namba aliyoikuta mtu. Na kila kisu kinapobadilishwa, sifuri ya Z iwekwe upya. Kisu kipya kikitokeza milimita 10 zaidi ya kile cha kwanza, kitazama milimita 10 zaidi. Wengi wanalijua jambo hili, lakini saa kumi na moja jioni, mteja akiwa mlangoni, ndipo linaposahauliwa.

Upande wa programu nina jambo moja la kuwaonya. Baadhi ya faili huanza au huisha na amri ya G28 Z0. Mtu huisoma kama "rudi kituoni", lakini kwenye vidhibiti vingi, ikiwa vipimo vinahesabiwa kutoka sifuri ya kazi, mashine hupitia kwanza sifuri hiyo, yaani hushuka hadi usoni mwa mbao, ndipo ipande kwenda kituoni. Hapo mtu ataapa kwamba mashine ina pepo.

Ikizama ghafula katikati ya kazi, fikirini umeme. Mota nyingi za mashine hizi huenda hatua kwa hatua kwa kuamriwa, wala hazirudishi habari za mahali zilipofika. Umeme ukikatika, mota hupoteza nguvu ya kushikilia, na kichwa kizito cha mashine chaweza kuteremka chenyewe. Umeme ukirudi, kidhibiti huuliza kama kiendelee pale kilipoishia. Asibonyeze mtu kitufe hicho kabla ya kuirudisha mashine kituoni na kuihakiki sifuri. Tazameni pia kama waya wa ethi umefungwa kweli, na kama nyaya za mota ya kisu zimelazwa pamoja na nyaya ndogo za swichi. Nyaya kubwa huingiza kelele za umeme katika zile ndogo, na mashine husikia amri ambayo hakuna aliyeitoa.

Ikizama pole pole, yaani mchoro ni mzuri upande mmoja na kina kinaongezeka kuelekea upande wa pili, hapo ndipo wasio na hatia huadhibiwa. Kwanza hakikisheni meza haijapinda na ubao umelala sawasawa. Kisha chukueni kalamu ya wino mzito, mchore alama kwenye mpini wa kisu, pale unapoingia katika kishikio. Wekeni sifuri kwa karatasi nyembamba, endesheni kazi, halafu irudisheni mashine kwenye sifuri. Alama ikiwa imesogea, kisu kinateleza: kishikio kimechakaa au kina vumbi, na kisu cha mzunguko unaopandisha taka hujivuta chenyewe kwenda chini. Alama ikiwa palepale na karatasi haipiti tena, basi ni Z yenyewe inayopoteza hatua. Mara nyingi inapandishwa kwa kasi inayozidi nguvu ya mota yake, au skrubu ndefu imekosa grisi, au kiungo cha mota na skrubu kimelegea. Kila inapopanda hupungukiwa kidogo, kwa hiyo kila inaposhuka hufika chini zaidi.

Kwa yule kijana wa mlango wa mninga, jaribio hili lilichukua muda usiofika saa moja. Alama haikusogea. Karatasi haikupita. Skrubu ndogo mbili za kiungo zilikuwa zimelegea, na kukazwa kwake hakukugharimu chama hata senti moja. Kamati ilimrudishia ujira wake na kuiandika mbao ile katika hasara za chama, kama ilivyostahili tangu mwanzo.

Daftari ninalolipendekeza ni la mistari tu. Kwa kila kazi iandikwe tarehe, jina la faili, sifuri ya Z ni usoni au mezani, kisu gani, nani ameweka sifuri, na mwisho wa kazi karatasi imepita au haikupita. Kwa ubao wa thamani, mwendeshaji aendeshe kwanza hewani, sifuri ikiwa imeinuliwa milimita 30 juu ya mbao, na atie sahihi kwamba amefanya hivyo. Katibu asipitishe makato yoyote ya mbao iliyoharibika bila kuambatanisha ukurasa huo, na ukaguzi ujao nitauomba ukurasa huo kabla ya kufungua daftari la fedha.