Kanuni na Bei Yake: Kwa Nini Vijana Wanapenda Riwaya za Distopia



Nianze na hesabu. Katika The Hunger Games, riwaya ya Mmarekani Suzanne Collins iliyotoka mwaka 2008, mtoto akifikisha miaka 12 jina lake linaingizwa kwenye kura ya kuchagua watakaopelekwa uwanjani kuuana mbele ya kamera. Kila mwaka linaongezwa mara moja, hadi afikishe miaka 18. Mtoto wa maskini anaruhusiwa kuliingiza mara za ziada, na kila mara moja analipwa nafaka na mafuta ya kumlisha mtu mmoja kwa mwaka, tena kwa kubana. Katniss, shujaa wa riwaya hiyo mwenye miaka 16, kila mwaka huchukua posho ya watu watatu: yake, ya mama yake na ya mdogo wake. Kwa hiyo jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale ana miaka 18 na wadogo kadhaa wa kulisha. Lake limo mara 42. Kura inapochezeshwa, linatoka jina la Prim, mdogo wake Katniss, lililoingia mara moja tu.

Kwangu mimi, mvuto wa riwaya za distopia, yaani za nchi za kubuni zenye kanuni katili, uko kwenye kurasa za namna hiyo, kabla mshale wa kwanza haujarushwa. Husemwa kwamba vijana wanafuata mapigano na mapenzi, na kweli hayo yamo. Lakini msomaji wa miaka 14 amefika umri wa kugundua kwamba dunia aliyoikuta ina kanuni zilizotungwa bila yeye kuulizwa. Mtihani ni mmoja kwa wote, ila mwenzake ana taa ya kusomea na mwalimu wa tuisheni. Akiuliza, anajibiwa kwamba ndivyo mambo yalivyo. Riwaya ya distopia haimjibu hivyo. Inamwonyesha kanuni, aliyeitunga na anayelipa bei yake, kisha inamwachia apige hesabu mwenyewe. Huko ni kumheshimu, na kijana anajua anapoheshimiwa.

Kuna wazazi wanaoogopa kwamba vitabu hivi vinafundisha kukata tamaa. The Giver ya Lois Lowry, ya mwaka 1993, imelalamikiwa mara nyingi katika shule za Marekani. Hofu yao naielewa. Jonas, mvulana wa miaka 12, anaishi katika jamii isiyo na njaa wala vita, ambamo watu "huachiliwa" na hakuna anayeuliza wanakwenda wapi. Siku moja anaonyeshwa rekodi. Baba yake, mlezi wa watoto wachanga, anawapima mapacha wawili, anamchukua aliye mwepesi zaidi, anamdunga sindano kichwani, anamweka kwenye boksi na kumuaga kwa sauti ya upole. Ukurasa huo unaumiza. Lakini Jonas hakati tamaa: anamchukua mtoto mwingine aliyepangiwa sindano hiyo na kutoroka naye usiku.

Wala hasira ya wasomaji haikubaki vitabuni. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Mei 2014 nchini Thailand, vijana waliichukua saluti ya vidole vitatu kutoka filamu za The Hunger Games wakaifanya ishara ya upinzani. Novemba mwaka huo wanafunzi watano walikamatwa huko Khon Kaen kwa kuionyesha mbele ya waziri mkuu. Mwaka 2021 ikaonekana tena mitaani Myanmar. Riwaya nyingi zilizofuata mkumbo wa Collins hazikuacha alama ya namna hiyo, na sishangai: ziliiga uwanja wa mapambano, zikasahau nafaka na mafuta.

Sasa tujitazame sisi waandishi na walimu wa fasihi. Fasihi ya Kiswahili si ngeni katika uwanja huu. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, chini ya ukoloni: nchi inayoelea hewani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Tunayo Nagona ya Kezilahabi, Bina-Adamu! ya Wamitila, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Ni kazi nzito ninazozipenda. Hata hivyo, shujaa wake ni mtu mzima, na riwaya kama Nagona humtaka msomaji awe amekwisha kusoma mengi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayetafuta mtu wa rika lake humo hamwoni, ndiyo maana anamfuata Katniss kwa Kiingereza.

Baada ya chai tutagawanyika katika vikundi. Naomba kila kikundi kiandike kanuni moja tu ya nchi ya kubuni, kwa sentensi ambayo mtoto wa miaka 13 ataielewa mara moja, kisha kieleze bei yake kwa vitu vinavyohesabika: debe la mahindi, ndoo ya maji, siku za shule. Mhusika aje baadaye, na umri wake usizidi miaka 15. Anga za mbali na mitambo tuviache kwanza. Kikundi kitakachomaliza mapema kiisome kanuni yake kwa sauti, na wengine tuseme ni mtoto gani katika nchi hiyo atakayeumia kwanza.