Buibui wa Darini: Fagia na Ziba Kabla ya Kufikiria Sumu

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wadi, msimu wa mvua



Mvua zinapokaribia, watu wengi hupanda darini kutafuta vitu vilivyowekwa tangu msimu uliopita: gambuti, turubai, ndoo, magunia. Vitu hivyo vimekaa gizani kwa miezi kadhaa bila kuguswa, na mara nyingi vimepata wenyeji.

Chukueni mfano wa nyumba ya mabati yenye dari ya mbao, nyumba ambayo ingeweza kuwa ya yeyote aliyeketi hapa. Mvulana wa Gredi ya Saba anatumwa kushusha gambuti. Anatia mkono ndani kabla ya kuikung'uta, na anahisi kama amechomwa sindano. Anaitupa, na buibui wa rangi ya kahawia anaanguka sakafuni. Kidole kinauma na kuanza kuvimba. Jirani anafika na wembe, anataka kuchanja ili damu itoke. Mwingine anauliza ni nani mwenye jiwe la nyoka. Baba naye amekumbuka chupa ya dawa ya kupe iliyobaki zizini, na anasema jua halitatua kabla hajainyunyizia dari yote. Chini ya dari hiyo analala mtoto mchanga.

Katika nyumba hiyo sasa kuna hatari nne: buibui, wembe, dawa ya kupe, na dari yenyewe. Kati ya hizo nne, buibui ndiye mwenye uwezekano mdogo zaidi wa kuua mtu.

Karibu kila buibui ana sumu, kwa kuwa ndiyo silaha yake ya kuwinda wadudu. Hata hivyo, walio wengi hawawezi kumdhuru binadamu. Anayefaa kutambuliwa ni yule anayeitwa na wataalamu Latrodectus geometricus, ndugu wa buibui maarufu kwa jina la mjane mweusi. Jike lake lina tumbo la mviringo lenye ukubwa wa punje ya njegere, rangi ya kahawia au kijivu, na miguu yenye pete za rangi nzito na nyepesi. Chini ya tumbo kuna alama ya rangi ya chungwa, kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Utando wake hauna mpangilio, nao ni mgumu kukatika. Ishara iliyo rahisi zaidi ni mkoba wake wa mayai: kijimpira chenye vijimiba pande zote. Mkoba mmoja unaweza kuwa na mayai zaidi ya mia moja.

Buibui huyu hapendi ugomvi. Huuma anapobanwa, kama vile mkono ukiingia ndani ya kiatu au mtu akivaa nguo aliyojificha. Mara nyingi dalili ni maumivu, wekundu na uvimbe mdogo, na hupungua zenyewe. Mara chache maumivu husambaa mwilini, misuli ikakaza, mtu akatoka jasho jingi au akatapika. Huyo apelekwe hospitalini mara moja. Watoto wadogo, wazee, wajawazito na wagonjwa wa moyo wasingoje dalili hizo.

Wapo pia buibui wa jamii ya Loxosceles, ambao sumu yao inaweza kusababisha kidonda. Lakini si kila kidonda kilichotokea usiku ni kazi ya buibui. Majipu mengi husababishwa na bakteria. Na yule mdudu mwekundu na mweusi ajulikanaye kama Nairobi fly haumi wala hadungi. Akipondwa juu ya ngozi, majimaji yake huunguza. Kidonda kinachozidi kupanuka kionwe na daktari, badala ya kupewa jina la buibui na kuachwa.

Sasa turudi kwa yule mvulana. Linalomfaa ni kuoshwa kidole kwa sabuni na maji safi, kuwekewa kitambaa chenye maji baridi, kuvuliwa pete au bangili kabla mkono haujavimba, na kupewa dawa ya kawaida ya maumivu kwa kipimo cha umri wake. Asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba. Wembe huongeza jeraha na kuingiza vijidudu, na jiwe la nyoka halina uwezo wa kutoa sumu mwilini. Kama buibui amekwisha kufa, atiwe katika chupa au apigwe picha kwa simu ili mhudumu wa afya amwone.

Tuje kwa baba na chupa yake. Dawa ya kupe imetengenezwa kwa ajili ya mifugo, na maelezo yake yameandikwa kwa matumizi hayo. Ikinyunyizwa darini hubaki kwenye vumbi, na vumbi hilo hupenya kati ya mbao likaangukia vitanda, vyombo na chakula kwa muda mrefu. Baadhi ya dawa hizi huingia mwilini kupitia ngozi na pumzi. Tena hazimfikii buibui vizuri: yeye hukaa juu ya utando wake, na anapotembea hugusa mbao kwa ncha za miguu tu. Mtoto mchanga ndiye anayeweza kudhurika kwanza.

Kinachomwondoa buibui darini ni kumnyima chakula, maficho na njia. Kazi hiyo ina hatua zake.

Kwanza ni usalama wa anayepanda. Zima swichi kuu ya umeme, kwani panya hutafuna nyaya. Tumia tochi, koroboi na mshumaa visipande huko kamwe. Mbao, softibodi na jipsamu havikuwekwa kubeba uzito wa mtu, kwa hiyo mguu ukanyage boriti, na mtu mwingine ashike ngazi chini. Vaa glavu nene, shati la mikono mirefu, viatu vilivyofungwa na barakoa. Ukisikia mvumo wa nyuki au ukiona gamba la nyoka, shuka na umtafute mwenye ujuzi.

Pili, safisha. Penye kinyesi cha panya au popo, nyunyiza maji kidogo kwanza ili vumbi lisipae. Zungusha ufagio wa mti mrefu kwenye utando hadi ujikunje wote. Mikoba ya mayai isiachwe hata mmoja: itumbukize katika maji ya sabuni au iponde. Ukiua buibui na kuacha mikoba, wengine watatoka baada ya majuma machache. Rudia kazi hii mwanzoni na mwishoni mwa kila msimu wa mvua.

Tatu, punguza maficho. Katoni na magunia yaondoke. Vitu vya lazima viwekwe katika ndoo zenye vifuniko. Kila kiatu, glavu au nguo iliyokaa darini ikung'utwe nje kabla ya mkono au mguu kuingia. Kuni na matofali visirundikwe ukutani mwa nyumba.

Nne, ziba njia. Mwanya kati ya ukuta na paa uwekewe wavu wenye matundu madogo, hewa ipite na wadudu wabaki nje. Nyufa zizibwe kwa saruji au udongo, na kifuniko cha tundu la dari kikae sawasawa. Wavu huo huo hupunguza mbu wanaoingia usiku, hivyo gharama yake inasaidia pia dhidi ya malaria. Taa ya nje inayowaka chini ya paa usiku kucha huwaita wadudu, na buibui huwafuata. Isogezwe mbali na mlango au iwekwe balbu ya mwanga wa manjano.

Kama baada ya haya yote bado kuna haja ya dawa, inunuliwe ile iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu kwa matumizi ya nyumbani, na maelezo ya kibandiko yafuatwe. Dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda. Mtu akiidhuriwa, apelekwe hospitalini pamoja na chombo chake.

Wala si kila buibui wa kufukuzwa. Kando ya Ziwa Victoria kuna buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora. Mwaka wa 2005, watafiti waliofanya kazi Mbita, Kaunti ya Homa Bay, walieleza kwamba hupendelea kumkamata mbu jike aliyeshiba damu. Buibui mdogo anayerukaruka ukutani aachwe aendelee na kazi yake.

Kwa ushauri, mkazi aanzie kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au afisa wa afya ya umma wa wadi. Kwa dharura, nambari za 999 na 112 hupigwa bila malipo.

Na yule baba, kabla hajapanda na ufagio kesho asubuhi, airudishe chupa ya dawa ya kupe zizini leo jioni, aifungie mahali ambapo mtoto hafiki, kisha anawe mikono kwa sabuni.