Tumeruka Vumbi, Tukakanyaga Moshi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya hewa ya ndani ya nyumba zetu, na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Dada yangu mdogo ameolewa Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Huo ni mji wa jangwani. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, na joto la mchana hufika nyuzi 35 mara kwa mara. Upepo unaopenya baina ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya ni mkali hata wataalamu wa hali ya hewa wameupa jina la mahali hapo: mkondo wa upepo wa Turkana. Ukivuma, kisulisuli husimama barabarani kama nguzo, na vumbi jembamba huingia hata katika sahani iliyofunikwa.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kuwatembelea. Nikaona vumbi mezani, vumbi kitandani, vumbi katika kikombe cha chai. Mimi mtu wa mjini, mwenye maneno mengi, nikamwambia mwenye nyumba, "Shemeji, ziba nafasi zote zilizo chini ya mabati, na madirisha uyatie magunia. Vumbi likikosa pa kuingilia litawaacha." Alinisikiliza kwa heshima, akaziba.

Mwaka huu nikarudi. Vumbi lilikuwa limepungua kweli. Lakini mpwa wangu, mtoto wa miaka minne, alikuwa akikohoa usiku kucha na kifua chake kikilia kama filimbi. Jioni dada aliwasha jiko la makaa uani. Upepo ukatawanya cheche. Akalibeba jiko, akaliingiza ndani, mlango ukafungwa. Tukakaa tukisubiri ugali huku macho yakituwasha. Moshi haukuwa na pa kutokea, kwa sababu pa kutokea nilikuwa nimepaziba mimi. Usiku tukachoma dawa ya mbu, ile iliyoviringwa kama konokono, tukalala.

Kuna watu huruka majivu wakakanyaga moto. Mimi niliwarusha wenzangu.

Sisemi kwamba moshi peke yake ndio uliomletea mtoto maradhi. Daktari naye hakusema hivyo. Alisema kwamba kifua chenye pumu hakivumilii vumbi wala moshi, kisha akamwuliza dada swali moja: "Mama, mnapikia wapi?" Swali hilo mimi sikuwa nimeliuliza. Nilizungumza na shemeji, nikamsahau anayekaa na moto kila siku.

Tuelewane juu ya jambo hili. Punje kubwa za mchanga hukwama puani na kooni. Hatari zaidi ni chembe zisizozidi mikroni 2.5, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Chembe hizo hufika ndani kabisa ya mapafu, na moshi wa kuni na makaa umejaa chembe hizo. Makaa tena yana hila yake. Yakiiva vizuri hayatoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humwua mtu usingizini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka 5.

Na ile dawa ya mbu? Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2003 walipima dawa za namna hiyo kutoka China na Malaysia. Waliona kwamba moja ikiteketea yote hutoa chembe ndogo sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi hata moja.

Basi tulifanya nini? Tulianza na moshi, kwa kuwa vumbi huletwa na upepo lakini moshi tunauzaa wenyewe. Shemeji alijenga ukuta mfupi wa matofali uani, upande unakotoka upepo, akaweka bati juu, na jiko likatoka nje. Maharagwe sasa hulowekwa usiku na sufuria hufunikwa, ili moto uwake kwa muda mfupi. Uji wa mtoto hupikwa kwa gesi. Kodi ya VAT, iliyorudishwa kwenye gesi ya kupikia mwaka 2021, iliondolewa mwaka 2023, lakini kwa mwenye kipato kidogo kujaza mtungi bado ni mzigo, na hilo wakubwa wetu wasilisahau.

Pili, tulizibua zile nafasi chini ya mabati, tukaweka wavu mwembamba. Madirisha hufunguliwa upepo unapotulia, na hufungwa vumbi linapotimka. Kila mahali pana saa zake. Mwenye nyumba azijue.

Tatu ni vumbi lililokwisha kuingia. Ufagio mkavu hulirusha tu hewani, likaja kutua tena. Afadhali kitambaa chenye maji. Najua maji ni ghali Lodwar, kwa hiyo dada hutumia yale ya mwisho ya kusuuzia nguo. Viatu navyo huachwa mlangoni.

Mwenye stima na uwezo anaweza kununua mashine ya kuchuja hewa, lakini ajue kwamba kichujio hunasa chembe, hakinasi kaboni monoksaidi. Mashine haimpi mtu ruhusa ya kulala na jiko.

Wewe unayenisikiliza Nairobi usiseme Lodwar ni mbali. Baridi ya Julai ikibisha, ni wangapi kati yetu huingiza jiko chumbani na kutia nguo chini ya mlango? Yule hufunga kwa vumbi na wewe hufunga kwa baridi, lakini hewa mnayoivuta ni ile ile.

Dada alinipigia simu juzi. Mtoto bado anatumia dawa yake ya kuvuta, ila sasa analala. Shemeji akaichukua simu, akaniambia kwa utani wetu, "Shemeji, siku nyingine kabla ya kunishauri, keti kwanza na mpishi."

Nimekubali. Hadi juma lijalo, kwaheri.