Pambo la Barazani Lisigeuke Magugu



Leo tuzungumze juu ya lile ua linaloning'inia barazani. Majani yake yana mistari ya rangi ya fedha, na upande wa chini ni zambarau. Asili yake ni Meksiko.

Kulipanda ni rahisi. Toboa kopo chini. Tia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kata tawi la urefu wa kidole, fundo moja lizame udongoni. Baada ya wiki moja au mbili litaota mizizi. Liweke penye mwanga, kwani gizani rangi hufifia. Mwagilia udongo wa juu ukikauka. Likirefuka mno, kata ncha, nalo litachipua na kujaa.

Je, vile vipande ulivyokata unavitupa wapi? Hapo ndipo penye kazi. Mimi mwenyewe nilivitupa nyuma ya nyumba. Mvua za vuli zilipokwisha, vilikuwa vimefunika bustani yangu ya mchicha. Nilipolima kwa jembe vikazidi, maana kila fundo lililokatika huota mizizi.

Sasa fikirini kipande kichukuliwe na maji ya mfereji hadi shambani kwa jirani, au kifike msituni. Milima yetu ya Upare ina mimea isiyopatikana penginepo duniani. Ikifunikwa, itakufa.

Kwa hiyo, anika vipande juu ya bati mpaka vikauke kabisa, kisha vichome. Nawa mikono pia, kwa sababu utomvu wake huweza kuwasha.

Ndugu zangu, ua hili tulipende, lakini libaki koponi.